Ardhi Inayoinuka

Sheria ya ujenzi ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, inataka kibaraza cha mbao kilichoshikizwa na nyumba kisimame juu ya misingi iliyozama inchi 42 ardhini, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Ukielekea kaskazini, upande wa mpaka wa Kanada, kina kinachotakiwa ni inchi 60. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza huuliza kama kinajengwa kibaraza au ghorofa. Viti, meza, jiko la kuchomea nyama na vyungu vya maua havina uzito wa kudai shimo la kumfika mtu mzima kiunoni. Lakini uzito haumo katika hesabu hiyo. Ardhi ya huko huinuka.

Huinuka kila baridi inapoingia na kushuka kila barafu inapoyeyuka, hapa kidogo, pale zaidi, na haiinuki sawasawa. Nguzo ambayo haikufika chini ya udongo unaoganda hubebwa juu, mwaka baada ya mwaka, kama jino linalong'olewa na mtu asiye na haraka. Ndipo ubao wa deki (hivyo ndivyo tunavyoviita vibaraza hivyo, sote tunaoishi huko) unaachana na ukuta wa nyumba, ngazi inapinda, na mlango wa nyuma unaanza kukwaruza sakafu.

Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu ardhi haina mjadala. Bahari hujaa na kupwa, kaskazi hupisha kusi, samaki huhama. Nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya tumbawe iko pale pale alipoiacha babu. Ikipata ufa tunamlaumu fundi, au mvua, au mzizi wa mwembe wa jirani. Sijapata kumsikia mtu akiilaumu ardhi yenyewe. Mgeni wa namna hiyo akifika Minneapolis na kuona njia za mawe zimepindana mwezi Aprili na mageti yamekataa kufunga, atadhani wenyeji ni wazembe. Wenyeji wanajua wanaishi juu ya kitu gani.

Wengi hueleza jambo hili kwa njia fupi: maji yakiganda hutanuka, kama asilimia 9, basi udongo wenye maji nao hutanuka. Ni kweli, ila haitoshi. Mwaka 1929 na 1930 mwanajiolojia Stephen Taber, wa Chuo Kikuu cha South Carolina, alichapisha majaribio ambayo hadi leo yananifurahisha kwa ujanja wake. Badala ya maji, aliuloweka udongo kwa benzini ya maabara, ambayo ikiganda husinyaa. Kwa hesabu ya kawaida, udongo ulipaswa kushuka. Uliinuka. Kinachoinua ardhi, basi, ni zaidi ya kutanuka. Barafu ikianza kujijenga ndani ya udongo wenye chembe ndogo, huvuta maji kutoka chini kupitia vijitundu vyembamba, ikajiongeza utando juu ya utando, na kila utando unasukuma kilicho juu yake. Udongo wa tope laini ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa unapitisha maji vizuri bila kuyaachia. Mchanga wa chembe kubwa na kokoto huyaacha yaende zake, kwa hiyo haviinuki sana. Fundi wa huko anayemwaga kokoto chini ya kila kitu anachokijenga huenda hajalisikia jina la Taber, lakini anafanya alichokisema Taber.

Haya yote hugeuka kuwa kazi mwezi Oktoba. Majani ya miti ya maple yamekwisha kugeuka. Ile rangi ya njano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefichwa na kijani, na kijani kikivunjwavunjwa na mti inajitokeza. Nyekundu hutengenezwa upya siku hizo hizo za mwisho. Jioni zinaingia mapema. Kila mtu mwenye kiwanja nyuma ya nyumba anakimbizana na siku moja ambayo haijulikani ni ipi, siku udongo utakapofunga. Zege nalo halipaswi kupigwa na barafu siku zake za kwanza. Anayetaka msingi wa mwaka huu lazima awe ameshachimba.

Kabla ya kuchimba, piga simu namba 811. Ni lazima kisheria, na huduma hailipiwi. Baada ya siku chache wanakuja watu wenye rangi za kupuliza na vibendera, na nyasi zako zinageuka ramani: njano ni gesi, nyekundu ni umeme, bluu ni maji, rangi ya chungwa ni nyaya za simu na intaneti, kijani ni maji taka. Napenda kukitazama kiwanja kikiwa katika hali hiyo. Ni mahali pachache ambapo mtu huoneshwa kwa uwazi hivyo vitu vyote vinavyomshikilia na ambavyo havioni. Kisha huja mashine ya kukodi ya kutoboa mashimo, halafu mkaguzi wa mji, ambaye hutazama shimo tupu kabla zege halijamwagwa. Shimo tupu ndilo linalokaguliwa. Likishajazwa, hakuna tena wa kujua lilikwenda umbali gani, isipokuwa baridi.

Wiki hizo hizo ndizo za kupanda kitunguu saumu. Hapa nitakaa kidogo, maana katika kazi zote za bustani za huko hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Unachukua kichwa kikubwa, cha aina yenye shina gumu katikati, unakibandua punje moja moja bila kuondoa ganda lake, unachagua zilizonenepa, zile ndogo unapeleka jikoni. Unachimba kifereji chenye kina cha kidole, unasimamisha kila punje ncha ikiwa juu na kitako chini, na kati ya moja na nyingine unaacha nafasi ya kiganja. Unafukia. Halafu huoni chochote. Chini ya udongo, katika wiki chache zilizobaki, punje inatoa mizizi myeupe minene na kutulia. Jani litatokeza theluji ikiyeyuka, na mavuno ni Julai.

Bila baridi hiyo ndefu, kitunguu cha aina hii hakigawanyiki. Utavuna donge moja la mviringo, halina punje, kana kwamba mmea umesahau nusu ya kazi yake. Tulipu nazo ni hivyo hivyo; asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na hudai wiki 12 hadi 16 za baridi kabla ya kukubali kuchanua, ndiyo maana wapenzi wake wa nchi za joto huviweka vitunguu vyake kwenye friji. (Kuchakuro wa Minnesota nao huzipenda, kwa sababu zao, na huzifukua siku ile ile ulipozipanda.) Nililelewa nikijua mmea unahitaji maji, jua na samadi. Sikulelewa kuhesabu baridi kama chakula.

Na kuna jambo la nyasi kavu. Baada ya kupanda kitunguu saumu, tuta hufunikwa kwa mabua makavu ya ngano, unene wa sentimita nane au kumi, na anayetazama hudhani unakikinga na baridi. Kumbe wakulima wazoefu hungoja udongo upoe kwanza, hata uanze kuganda juu juu, ndipo wanafunika. Wanachotaka ni baridi ikishaingia ikae. Kinachoua ni zile siku za jua za Januari na Machi zinazoyeyusha udongo wa juu mchana na kuuacha ugande tena usiku, maana kila mzunguko unainua punje kidogo, mpaka inajikuta juu ya ardhi, mizizi imekatika. Adui wa kitunguu saumu na adui wa nguzo ya deki ni mmoja. Nguzo hukimbilia chini yake. Kitunguu hakina urefu huo, kwa hiyo hufunikwa ili ardhi isahau kucheza.

Wakenya wengi wa Minneapolis na vitongoji vyake wana bustani, na Oktoba huzigawa mboga zao makundi mawili. Managu na mchicha hufa usiku wa kwanza wa umande kuganda. Asubuhi majani ni meusi, yanateleza mkononi. Sukuma wiki husimama. Namfahamu mama mmoja, mtu wa Kisii, bingwa wa mambo haya, ambaye nilimkuta bustanini kwake amevaa koti la theluji na leso kiunoni.

"Shikamoo, mama. Naona sukuma imenawiri. Hamvuni?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bado usiiguse. Ngoja ipigwe na baridi mara mbili, ndiyo utajua sukuma ni nini."

Wanasayansi wanakubaliana naye. Mmea ukihisi baridi hugeuza wanga kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari hayagandi upesi, na chembe za jani zinasalimika. Mlaji anapata utamu ambao haukukusudiwa yeye. Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya kusini wanalijua hilo siku nyingi kuhusu majani yao ya jamii hiyo hiyo ya sukuma, na sokoni mwezi Novemba utawasikia wakiuliza kama yameshapigwa na baridi. Nimekula sukuma tangu utotoni, na sina budi kusema iliyo tamu kuliko zote niliila mahali ambapo maziwa huganda hata magari hupita juu yake.

Vyungu sitavizungumza sana. Cha udongo wa kuchoma hunywa maji, maji yakiganda nacho hupasuka. Basi unamwaga udongo wake, unakigeuza kifudifudi ndani ya banda, umemaliza. Kinachosahaulika ni kwamba mzizi ulio ndani ya chungu hupata baridi kutoka pande zote, wakati ulio ardhini huipata kutoka juu tu. Mmea unaovumilia baridi ya mahali hapo ukiwa ardhini unaweza kufa ukiwa chunguni. Asumini yangu na ndimu huingia sebuleni mwishoni mwa Septemba, hukaa dirishani miezi saba zikidondosha majani kwa kinyongo, na mrehani sijaribu hata kuuokoa.

Mbao ndizo zinazonirudisha nyumbani. Deki nyingi za Marekani hujengwa kwa msonobari ulioshindiliwa dawa kwa shinikizo ili usiliwe na kuvu na mchwa. Kwa miongo mingi dawa hiyo ilikuwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, na watoto walicheza juu yake bila viatu. Mwisho wa 2003, kwa makubaliano na wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za nyumbani. Dawa za sasa zina shaba nyingi zaidi, na shaba hula msumari wa kawaida. Usipotumia msumari uliopakwa zinki nzito au chuma kisichoota kutu, mbao zitadumu na kilichozishika kitakwisha. Deki za zamani bado ziko, na mtu anayezibomoa Oktoba akafikiria kutengeneza masanduku ya kupandia mboga kwa mbao zake, au kuzichoma moto, angefaa kushikwa mkono na kuketishwa chini. Kwa masanduku ya mboga nunua mwerezi. Ni ghali, na baada ya miaka kumi hivi utaoza, nawe utanunua mwingine.

Lamu boriti ilitoka mikokoni, na haikuhitaji dawa. Ganda na mti wa mkoko vimejaa tanini, mchwa huvipita. Biashara ilikuwa na majina yake kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa. Majahazi yalizipakia yakazipeleka Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na wembamba huo ulipimwa na mti: boriti haivuki zaidi ya karibu mita tatu. Mti uliamua watu watakaaje. Fundi wa Minnesota anayetazama jedwali la urefu wa mbao, ubao wa unene huu usivuke zaidi ya futi hizi, yumo katika mazungumzo hayo hayo.

Na hapa ndipo ninapoanza kugombana na deki. Tatizo langu ni mahali inapowekwa. Karibu zote ziko nyuma.

Kuna wakati Marekani ilikaa mbele ya nyumba. Andrew Jackson Downing, katika vitabu vyake vya 1842 na 1850 kuhusu nyumba na bustani, aliitetea veranda kwa nguvu, na karne ya kumi na tisa ikamsikiliza. Mtafiti John Michael Vlach naye alionesha, katika maandishi yake ya 1976, kwamba nyumba nyembamba za New Orleans zilipitia Haiti zikiwa na mizizi Afrika Magharibi, na kwamba mazoea ya kukaa verandani mbele ya nyumba yana deni kwa Waafrika hao. Baadaye yakaja magari mengi, televisheni, mashine za kupozea hewa. California, mbunifu wa bustani Thomas Church alijenga mwaka 1948, kwenye bustani ya familia ya Donnell huko Sonoma, deki ya mbao nyekundu iliyotobolewa ili mialoni ipite katikati yake. Ni kazi nzuri sana, na mandhari ya kule inastahili kutazamwa. Lakini walioiga waliiga pia kuupa mji kisogo, na wao hawakuwa na mandhari ya Sonoma. Walikuwa na ua wa mbao na banda la mashine ya kukata nyasi. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, mlango wa gereji unafunguka, gari linaingia, mlango unafunga, na jirani yake hajaona hata kisogo chake.

Baraza ya kwetu iko upande wa pili wa hoja hii. Katika vichochoro vya Lamu na Unguja benchi la mawe limeunganishwa na ukuta wa mbele, nusu yake ni ya mwenye nyumba na nusu ni ya njia. Anayepita anasalimu, akichoka anakaa, bao linachezwa, kahawa inapita, na mwenye nyumba anaweza asiwepo kabisa. Nakubali baraza ina kero zake. Umbea una makao, na wanawake wengi watakuambia baraza za mbele zilikuwa za wanaume, wao walikuwa na ua wa ndani. Deki ya nyuma ingeeleweka vizuri zaidi kama jamaa ya ua huo kuliko ya baraza. Hata hivyo nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyote viwili.

Jirani zangu ninawajua kwa sababu ya Oktoba. Majani ya mbele ya nyumba lazima yakusanywe, maana yakiachwa barabarani mvua huyasukuma kwenye mifereji, mifereji huishia kwenye maziwa, na maziwa hugeuka kijani kwa mwani mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtaa mzima unatoka na reki. Watu ambao hawajaonana tangu Juni wanaegemea mipini, wanaulizana hali ya mgonjwa, wanaazimana mifuko ya karatasi. Mtaa wangu unafanana na mtaa wiki tatu kwa mwaka, na wiki hizo ni hizo.

Kanuni za ujenzi zinatoa njia, kwa anayezisoma hadi mwisho. Yale masharti ya inchi 42 ni ya kibaraza kilichofungwa na nyumba. Sababu yake ni ya haki: nyumba imesimama chini ya barafu, haisogei, na kitu kilichoshikizwa nayo kikisogea lazima kimoja kivunjike. Uungaji mbovu ndio mara nyingi huziangusha deki, na watu nazo. Lakini kibaraza kinachojisimamia chenyewe, kisichogusa ukuta, hakilazimishwi kufika chini ya barafu. Kikiwa hakizidi inchi 30 kutoka ardhini, huko Minnesota hata kibali cha ujenzi hakihitaji, ingawa mji bado una lake la kusema kuhusu umbali kutoka barabarani. Unaondoa nyasi, unashindilia kokoto, unapanga matofali ya zege, unalaza boriti za mbao juu yake, unapigilia. Ardhi ikiinuka, kinainuka nayo, ikishuka, kinashuka. Mafundi hukiita kinachoelea, na baadhi yao hukidharau.

Mimi nimekipenda, na nimekiweka mbele. Ni kidogo, benchi mbili zinazotazamana na sanduku la mwerezi kila upande, moja la sukuma na moja la tulipu zitakazobaki baada ya kuchakuro. Nimeacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, na mpaka sasa kila anayepita anauliza kwa nini sikuifunga, wengine wakiwa wameshakaa. Najua hakitabaki sawa. Mei, theluji ikishakwisha na udongo ukikauka, kona moja itakuwa imepanda na nyingine imezama, na itabidi kukirudisha. Ni kazi ya asubuhi moja: jeki ya gari, pimamaji, koleo la kokoto, na vipande vyembamba vya mwerezi vya kusukumiza chini ya boriti iliyozama.